VISIWA VYA NDEGE WA YAI MOJA

Leo weka jembe chini kidogo. Tusafiri kwa mawazo mpaka kaskazini ya mbali, kwenye visiwa viitwavyo St Kilda. Visiwa hivi ni vya Scotland, katika Uingereza. Viko baharini, zaidi ya kilomita 60 magharibi ya visiwa vingine vya Scotland. Upepo wake ni mkali, na miti haioti.

Kisiwa kikubwa kinaitwa Hirta. Pembeni yake kuna majabali yaliyosimama kama ukuta. Moja lina kimo cha zaidi ya mita 400 kutoka baharini.

Kila mwaka baridi inapopungua, maelfu na maelfu ya ndege wa baharini hukusanyika hapo. Yuko ganeti, ndege mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa. Huanguka kutoka juu kama mkuki na kuibuka na samaki. Yuko falma. Ukimsogelea hukutemea mafuta yenye harufu mbaya. Yuko pafini, mwenye mdomo mnene wa rangi nyingi. Yeye hutaga ndani ya shimo ardhini.

Sasa angalia jambo hili. Kuku wako wa kienyeji hutaga mayai kumi au zaidi, ndipo aatamie. Ganeti hutaga yai moja tu kwa mwaka. Falma moja. Pafini moja. Kifaranga akifa, mavuno ya mwaka yamepotea.

Zamani watu waliishi Hirta. Walilima shayiri na kufuga kondoo, lakini chakula chao kikubwa kilikuwa ndege. Wanaume waliteremka majabalini kwa kamba. Nyama waliihifadhi katika vibanda vya mawe vinavyopitisha upepo. Kodi walilipa kwa manyoya na mafuta ya ndege. Lakini hawakuvuna ovyo. Asubuhi walikutana kupanga kazi ya siku. Majabali yaligawanywa kwa familia, kama mashamba. Ndege waliendelea kuja kwa mamia ya miaka.

Ndege mmoja, hata hivyo, hayupo tena. Aliitwa oki mkubwa. Alikuwa na mabawa madogo na hakuweza kuruka. Naye alitaga yai moja. Mabaharia walimwua kila mahali kwa ajili ya nyama, mafuta na manyoya.

Karibu mwaka 1840 wanaume wa St Kilda walimkamata mmoja juu ya mwamba wa Stac an Armin. Inasimuliwa kuwa walimfunga kwa siku tatu. Ikavuma dhoruba kubwa. Wakasema, "Huyu ni mchawi. Yeye ndiye aliyeleta dhoruba." Wakampiga mpaka akafa. Katika Uingereza hakuonekana mwingine. Mwaka 1844 wawili waliuawa Aisilandi, na yai lao likavunjika. Kizazi chao kikaisha.

Ndugu msomaji, dhoruba haikuletwa na ndege. Ndege aliuawa kwa hofu na kwa kutojua.

Watu nao waliondoka. Vijana walihama, chakula kikapungua. Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 wa mwisho walichukuliwa kwa meli, kwa ombi lao wenyewe. Ndege walibaki. Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliua wengi wao. Adui mwingine anayeogopwa ni panya, kwa sababu hula mayai na vifaranga. Panya wa melini hawajaingia huko, na walinzi wa visiwa hufanya bidii wasiingie hata mmoja.

Sasa turudi kijijini. Usiku bundi akilia juu ya paa, wako wanaookota jiwe. Wanasema ametumwa na mchawi. Lakini bundi anatafuta panya, yule yule anayekula mahindi yako ghalani. Ukimwua bundi, umemsaidia nani?

Weka jiwe chini. Mwache bundi afanye kazi yake.