Maneno Mawili Kizimbani

Simu ikilia saa kumi na moja alfajiri hapa Shika Adabu, Mombasa, najua ni mama wa mtu. "Mwanangu wamemchukua maskani usiku." Huwa namuuliza mambo matatu: yuko kituo gani, ameshikwa na nini, na je, ana arosto? Hilo la tatu humshangaza. Lakini katika kazi hii ya usaidizi wa kisheria nimeona kesi nyingi za vijana wetu zikiamuliwa na arosto kabla hakimu hajaketi.

Mtumiaji wa unga, yaani heroini, akikosa kete yake, haupiti muda mrefu mwili ukamgeuka: hiyo ndiyo arosto. Makamasi yanatiririka, jasho jembamba, tumbo linasokota, mifupa inauma kama imetwangwa. Kijana huyo akipandishwa kizimbani asubuhi, akasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli, atajibu "ni kweli". Anataka kuketi tu.

Mmoja nilimpoteza hivyo. Nilichelewa kuvuka feri, na nilipofika mahakamani alikuwa ameshakiri. Alikuwa amepewa mfuko ampelekee mtu, malipo yake kete mbili. Mama yake alikuwa kwenye benchi, pesa za faini amezifunga kwenye pindo la leso. Shilingi elfu nne, za kuuza viazi karai. Alikuwa akilifungua lile fundo, anahesabu, analifunga tena. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba shtaka halikuwa la kupatikana na dawa. Lilikuwa la ulanguzi.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya 1994, na ilirekebishwa 2022. Mtaani watu wameshika nusu ya marekebisho hayo. Wamesikia bangi imepunguziwa, na ni kweli: ukiiridhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yako mwenyewe tu, ile miaka 10 ya zamani sasa ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini ni wewe unayetakiwa kuiridhisha mahakama. Aliyekiri akanyamaza hajamridhisha mtu. Nusu ya pili haikutufikia. Ulanguzi wa gramu 1 hadi 100 ni faini isiyopungua milioni 30 au miaka 30 jela. Ukizidi gramu 100, ni milioni 50 au miaka 50. Na ulanguzi si kuuza peke yake. Sheria imetaja pia kupeana, kuhifadhi, kusafirisha na kufikisha. Mfuko wa kubebeana umo humo.

Hata kukutwa tu, bila sababu ya halali, kwenye nyumba ambayo watu huendea kuvuta ni kosa: faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Nikiwaeleza vijana wa maskani hili, kimya kinatanda.

Huniuliza kuhusu wakubwa wa biashara ya unga. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014, lakini vifungo vyao, miaka 25 na miaka 23, vilitolewa New York. Inaniuma kwamba haikuwa mahakama yetu, na sina la kuwajibu.

Ninachoweza kuwapa ni hiki. Tangu kesi ya Adan ya 1973, kukiri kuna hatua mbili. Shtaka husomwa kwa lugha unayoielewa. Ukikubali, unasomewa maelezo ya tukio, na hapo una haki ya kuyapinga au kuongeza lako. Ukiyapinga, hakimu huandika kwamba umekana. Omba nakala ya hati ya mashtaka uone umeshtakiwa kwa ulanguzi wa namna gani. Uliza dawa ilipimwa wapi, mbele ya nani, kwa maana uzito ndio adhabu, na sheria inataka mshtakiwa awepo inapopimwa, ikiwezekana. Na mraibu akipatikana na hatia ya kumiliki, kifungu cha 58 cha sheria hiyo kinamruhusu hakimu kuagiza sehemu ya kifungo itumikiwe kwenye kituo cha matibabu. Mtu asipoyataja haya, yanabaki kitabuni.

Siku hizi siingoji asubuhi. Mara ya mwisho nilikwenda kituoni usiku na chupa ya chai ya tangawizi. Kijana alikuwa amejikunyata pembeni, meno yanagongana. Nilimwambia, "Mwanangu, kesho ukiulizwa, sema wewe ni mgonjwa, uombe daktari kwanza." Alisema hivyo hivyo, sauti ikitetemeka, na hakimu akaahirisha.

Sasa kila asubuhi hupanda matatu ya Ukunda, hushuka Kombani, hunywa methadoni yake mbele ya mhudumu, kisha hurudi nyumbani. Kesi bado ipo. Siku ya kutajwa tunavuka feri watatu, yeye, mama yake na mimi, kabla jua halijachomoza.