Sauti Iliyotangulia Baiskeli

Nati ya kiti ilikataa kufunguka. Niliilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha, nikaigonga kwa nyundo, nikaipeleka kwa fundi wa sokoni hapa Mpanda, naye akasema nikilazimisha nitavunja bomba. Basi nikapanda hivyo hivyo, kiti kikiwa kwenye kimo cha baba, mtu aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima. Nikikanyaga pedeli ya kulia nyonga inalala kulia, nikikanyaga ya kushoto inalala kushoto. Nilijua nitaumia. Nadhani nilitaka kuumia.

Tulikuwa tumeanua matanga ya baba wiki moja kabla. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, shangazi hakutaka blanketi wala redio. Alisema, "Mimi niletewe baiskeli ya kaka yangu," akapanda gari kurudi kwake Karema, kando ya ziwa. Kaka zangu wakapanga kuifunga juu ya basi. Nikasema nitaipeleka mwenyewe, kwa kuiendesha. Walinitazama kama mtu aliyezidiwa na msiba, lakini mama akasema, "Mwacheni aende."

Ni Phoenix nyeusi, nzito. Babu alikuja Mpanda kufuata kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi, ule ulioleta reli ya tawi kutoka Kaliua. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 alirudi ziwani kuvua, na baba akakulia Karema. Naye akaja mjini, akaoa, akanunua baiskeli, na kwa zaidi ya miaka ishirini nyumba yetu ilikula, ikavaa na kulipa ada kwa magunia ya dagaa yaliyovuka milima ya Ubende juu ya keria hii. Alikuwa akiondoka kabla hatujaamka. Siku alizorudi tuliijua harufu kabla ya kumwona. Akinawa, akila, akilala. Hakuwa mkali, alikuwa mkimya, na tulikulia ndani ya ukimya ule tukidhani ndiye yeye.

Sisi tulimjua baba anayefika. Baba aliye njiani hatukuwahi kumwona hata siku moja.

Kutoka Kagwira, inapoanzia barabara ya Karema, hadi Karema yenyewe, kupitia Ikola, ni kilomita 112. Kwa gari ni safari ya asubuhi. Kwa baiskeli, kwa mguu wangu, ilikuwa siku mbili. Ilikuwa Oktoba, wakati miyombo inapotoa majani mapya mekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa, huku chini yake ardhi bado ni nyeusi kwa moto wa kiangazi. Mvua haijanyesha, kijito hakina maji, na msitu mzima umeshajivika. Miti hii haisubiri mvua, huchipua kwa maji yaliyo ndani ya mizizi. Nilisimama mara nyingi kuutazama, na kila nikisimama mbung'o walinifikia.

Anayepita huko kwa baiskeli anajua dawa yake: kopo lililotobolewa, ndani yake mavi makavu ya tembo yanayofuka polepole, linaning'inia nyuma ya keria. Kopo la baba lilikuwa la maziwa ya unga, limeungua hadi maandishi yamekwisha. Mama alilitoa uvunguni bila mimi kumwomba. Mlimani ukipanda upepo wa nyuma unakuletea moshi puani. Ukishuka moshi unabaki nyuma, na mbung'o wanakufuata hadi kwenye shati. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mashati yake yote yalikuwa mazito, hata ya siku za joto, jambo tulilomcheka utotoni.

Kuna mwinuko mrefu ambako hakuna anayeendesha. Unashuka, unasukuma. Mimi nilisukuma baiskeli tupu yenye begi moja na chupa mbili za maji, nikapumzika mara nne. Yeye alisukuma magunia. Nilijaribu kupiga hesabu, mara ngapi kwa mwezi, mara ngapi kwa mwaka, nikaacha, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Jioni, karibu na kijiji cha mwisho kabla ya barabara kuanza kushuka kuelekea ziwani, tairi la nyuma likaisha upepo. Niliburuta hadi chini ya mwembe palipokuwa na mzee mmoja mwenye pampu na beseni la maji. Nikamwamkia. Akaitikia, macho yake yakiwa kwenye baiskeli.

Akatoa tyubu, akaipitisha kwenye beseni sehemu kwa sehemu akitafuta povu. Nikahesabu viraka: kumi na kimoja. Vingi vilikuwa vya baba. Nilivijua kwa namna alivyokata, mraba usio mraba, kama mtu aliyefanya haraka juani. Lakini kimoja kilikuwa cha duara, kingo zake zimesuguliwa kwa msasa mpaka huwezi kuzihisi kwa kidole. Mzee akakigusa.

"Hiki changu," akasema. "Yeye yuko wapi?"

Nikamwambia. Akaweka tyubu chini, akafuta mikono, akakaa. Baada ya kitambo akasema, "Pole, mwanangu. Sisi hapa tulikuwa tunamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anaimba."

Nikadhani anamchanganya na mtu mwingine. Baba? Kanisani alisimama kimya kitabu kikiwa kimefungwa. Kwenye harusi zetu alikaa nyuma. Nikamwuliza mzee, anaimba nini? Akafikiri sana, kwa uaminifu wa mtu asiyetaka kukudanganya kwenye msiba. Maneno hayakumbuki. Anachokumbuka ni sauti kutoka kule juu ya mwinuko, inatangulia, watoto wanakimbilia barabarani, kisha baiskeli inatokea.

Usiku ule nililala nyumbani kwa mzee na mkewe na sikupata usingizi. Wakati wa mazishi nililia kama wote, na kilio kile kilikuwa na mahali pa kushika: mkono wake, kiti chake, kikohozi chake cha alfajiri. Kilio cha usiku ule hakikuwa na pa kushika. Nilikuwa nimeletewa mtu hai, mwenye sauti, anayekimbiliwa na watoto wasio wake, na katika sentensi ile ile nikanyang'anywa. Nilimwonea wivu kila aliyewahi kulala kando ya barabara ile. Nikamkasirikia baba pia, lazima niseme hivyo: kwa nini wao, si sisi? Kulipokaribia kucha hasira ilikuwa imechoka. Huenda nyumbani alikuwa amekwisha, na huku milimani, akiwa peke yake, ndiko alikobaki na cha kutoa.

Kesho yake nilishuka. Ziwa lilikuwa kijivu, milima ya Kongo imemezwa na moshi wa kiangazi. Karema ni mahali panapojua kuachwa. Mwaka 1879 Mbelgiji Ernest Cambier alianza ngome yake hapa ziwa likiwa limejaa. Kisha mto Lukuga, upande wa pili, ukachukua maji, ziwa likashuka, na ufuko ukaihama ngome. Mapadre Weupe waliikuta, wakakaa. Kwao alifika, mwaka 1889, Adrian Atiman, aliyeibwa utumwani akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Alitibu watu wa ufuko huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Bibi zetu walimjua kwa mikono yake. Nikipita jirani na kanisa nilijiuliza nani kati yao aliwahi kumsikia akiongea lugha ya mama yake, na kama aliiongea, katika njia ipi, peke yake.

Shangazi alikuwa uani anaanua dagaa. Aliinuka, akalibinya tairi kwa kidole gumba, la mbele kisha la nyuma, vile vile kama alivyokuwa akifanya baba. "Umeiendesha?" Nikasema ndiyo. Akaniosha miguu mwenyewe, nami sikumkataza. Nilipomweleza kuhusu nyimbo hakushangaa. Alishangaa kwamba sikujua.

Jioni mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, alileta spana na chupa ya mafuta ya mawese. Akaipaka nati, akangoja, akaigonga mara mbili taratibu. Ikafunguka. Kwenye bomba, pale kiti kilipokaa miaka yote, kulikuwa na duara la kutu, jembamba kama pete. Mvulana akakaa, akapima mguu wake ardhini, akakisukuma kiti chini kwa mikono miwili, na ile pete ikazama ndani ya fremu.