Mafrateri, Majibu Yetu Yako Wapi?

Tulipofika kigangoni kwa likizo ya kichungaji, swali la kwanza halikuwa la habari za seminarini, wala la lini tutapewa daraja. Mama mmoja wa WAWATA aliyekuja kutupokea mabegi alisubiri tumalize chai, akatuuliza, "Mafrateri, majibu yetu yako wapi?"

Tulitazamana. Mmoja wetu alidhani anaulizia mtihani wa kipaimara. Mama akaweka wazi: majibu ya damu. Damu waliyotoa mwaka uliopita, yeye na mwanawe, pamoja na damu ya nguruwe wake wawili.

Hapo tukakumbuka, na kwa kweli tuliona aibu.

Kigango chetu kipo juu ya uwanda wa Ufipa, mwendo wa baiskeli kutoka barabara ya lami inayotoka Tunduma kwenda Sumbawanga. Mwezi wa sita upepo wake unauma, na asubuhi watoto huenda shule wamejifunika vitenge vya mama zao. Watu wanalima mahindi, maharage na ulezi, na karibu kila nyumba ina nguruwe. Nguruwe ndiye benki: ada ya shule inatoka kwake, jeneza linatoka kwake, na sherehe ya Komunyo ya Kwanza haifanyiki bila yeye.

Mwaka uliopita, katika likizo kama hii, walikuja watafiti kuchunguza kifafa na tegu wa nguruwe. Karatasi zao zilikuwa sawa: kibali cha maadili, barua ya halmashauri, barua kwa mtendaji wa kijiji. Lakini mkutano wa kijiji ulipoitwa walijitokeza watu wachache sana. Kulikuwa na maneno kwamba damu inakwenda kuuzwa, na wazee wakaanza kusimulia tena habari za mumiani walizozisikia utotoni. Basi watafiti wakaja kwa paroko, na paroko akatutuma sisi. Jumapili mbili mfululizo, wakati wa matangazo, tulisimama mbele na kanzu zetu nyeupe tukawaambia watu wasiogope, kazi hii ni ya kuwasaidia, na majibu wataletewa. Jumatatu yake foleni ilifika hadi nje ya uzio wa zahanati. Jioni tulipongezana.

Fomu ya ridhaa hatukuisoma. Hilo tunaliungama hapa mbele ya wasomaji wetu. Watu walitia dole gumba kwa sababu ya sauti zetu, nasi tulitoa sauti zetu kwa sababu tuliombwa kwa heshima na watu waliokuja na gari.

Kwa ndugu wasioujua ugonjwa wenyewe, tueleze kidogo. Mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi vya tegu bila kuivisha vizuri anaota tegu tumboni. Mayai ya tegu yanatoka na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho anapata viluwiluwi katika nyama yake, zile punje nyeupe ambazo wachinjaji wote wanazijua. Hadi hapo ni hasara ya nyama tu. Lakini mtu naye akiyameza yale mayai, kwa mikono michafu, maji au mboga, viluwiluwi vinaweza kwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajaonja kitimoto maisha yake yote anaweza kuupata, kwa kuishi tu karibu na mtu mwenye tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, kama asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Hapa Tanzania amechunguzwa sana Mbulu, na huku kwetu kusini, Mbozi.

Mtoto wa yule mama ana miaka 14. Ana kifafa tangu akiwa darasa la pili. Aliwahi kuangukia mafiga, na mkono wake wa kushoto haunyooki tena. Shule aliacha, maana wenzake walikuwa wanakimbia kila alipoanguka, wakiogopa mate yake. Wapo majirani ambao mpaka leo wanasema amerogwa. Tunaishi katika eneo la mji ambao jina lake lenyewe, Sumbawanga, kwa Kifipa ni amri ya kutupa uchawi, lakini ushirikina huo haujatupwa wote.

Tulitafuta nakala ya fomu kwa mtendaji, tukapiga simu iliyoandikwa chini. Ilipokelewa siku ya tatu. Sauti ilikuwa ya upole. Tukaambiwa mradi umefungwa, ripoti imekabidhiwa, na makala imeshatoka katika jarida la kisayansi. Kwa Kiingereza, bila shaka. Tulipouliza kuhusu kijiji tukajibiwa kwamba bajeti ya kurudi haikuwepo.

Tungeweza kuwalaumu na kuishia hapo, na kwa usiku mmoja tulifanya hivyo. Lakini walioahidi majibu pale altareni tulikuwa sisi.

Kesho yake, baada ya jumuiya, tuliomba watu wabaki chini ya mikaratusi watueleze utafiti ule ulikwendaje kwa upande wao. Tulitegemea malalamiko ya damu. Yalikuwepo, lakini kilichotushangaza ni jinsi walivyolichambua dodoso. Mzee mmoja, mnunuzi wa nguruwe anayezunguka vijiji kwa baiskeli, alisema waliulizwa kama wanakula nyama yenye punje. "Nani atasema ndiyo mbele ya mtu wa serikali? Wote tulisema hapana." Akasema angekuwa yeye, angeuliza bei. Mnunuzi kabla ya kununua anamlaza nguruwe, anamwingiza fimbo mdomoni na kupapasa ulimi. Akikuta vinundu, bei inashuka au anaondoka. Muulize mfugaji nguruwe aliyekataliwa ulimi anauzwa shilingi ngapi na nani, utajua nyama inakwenda wapi, na hakuna atakayeona amekamatwa.

Mama mwingine akasema waliulizwa kama nguruwe wanafungiwa, na ilikuwa Machi walipokuja mara ya kwanza kuhesabu. Machi kila mtu anafunga nguruwe, la sivyo atalipa mahindi ya jirani. Wangekuja Agosti, baada ya mavuno, wakati pumba zimekwisha na nguruwe anafunguliwa ajitafutie. Yaani takwimu za ufungaji nguruwe katika kijiji chetu zilitegemea mwezi ambao gari lilikuwa na mafuta!

Na mama yake kijana yule alisema neno moja tu. Kwamba katika maswali yote yale, hakuna aliyemwuliza ni nini kinachomsumbua kuhusu kifafa. Angewaambia si minyoo. Ni fenobabitoni. Dawa hiyo ikikatika zahanati kwa wiki mbili, mtoto anaanguka mara nyingi kuliko kabla hajaanza kuitumia.

Sisi tunasoma Maandiko kila siku, na bado tulihitaji mama huyu ili tulione jambo lililomo katika habari ya Bartimayo wa Yeriko. Kipofu ameketi kando ya njia, kila mtu anaona shida yake ni nini, na bado Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kabla ya hapo kuna umati unaomkaripia anyamaze. Katika likizo ile ya kwanza, kama tunasema ukweli, sisi tulikuwa upande wa umati, ingawa kwa maneno mazuri.

Tuliporudi seminarini tulizungumza na mwalimu wetu wa maadili, akatuelekeza kwenye hotuba ya Papa Pius XII ya Septemba 1952 kwa wanasayansi, juu ya mipaka ya utafiti wa tiba. Papa alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa isipokuwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Wakati huo dunia ilikuwa imetoka kusikia kesi za madaktari wa Nuremberg, na huko Alabama, Marekani, watu weusi mia kadhaa wenye kaswende walikuwa wanaangaliwa tu bila kutibiwa wala kuambiwa ukweli, jambo lililoanza 1932 na kukomeshwa 1972. Tunataja mambo haya mazito si kwa kuyafananisha na watafiti wetu, ambao hawakumdhuru mtu. Tunayataja kwa sababu ridhaa inayotolewa kwa kumwamini frateri ambaye hajasoma fomu ni ridhaa nyembamba sana.

Wapo waliofanya vizuri zaidi, na si mbali. Huko Mahenge, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya Wapogoro, ambao nao waliogopa mate ya mgonjwa. Alisikiliza wazazi. Walikuwa na jina lao kwa mtoto anayeinamisha kichwa mara kwa mara kama mwenye usingizi: amesinzia kichwa. Miaka mingi baadaye wataalamu walianza kuhangaika na ugonjwa wa namna hiyo kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, kumbe mama wa Mahenge walikuwa wameshauona na kuupa jina. Kilifi, Kenya, ambako KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wana kituo tangu 1989, wananchi wamechagua wawakilishi wao wa kuzungumza na watafiti. Na Mwanza, wanawake wanaofanya kazi katika baa, mikahawa na vilabu vya pombe walipoingia katika utafiti wa jeli ya kuzuia Virusi vya UKIMWI, walichagua wenzao wa kuwasemea, na hofu ya damu kuuzwa ililetwa mezani ikajadiliwa. Jeli yenyewe haikufaa. Matokeo ya mwishoni mwa 2009 yalionyesha haizuii maambukizi. Lakini wanawake ambao kwa kawaida hakuna anayewauliza lolote la maana walikuwa wameulizwa.

Nasi huku tunaye Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kubaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga ina jina lake. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Tunapenda kulitaja hilo katika mahubiri, tukisahau kwamba mtu aliyekaa miaka 67 mahali pamoja hakuweza kuondoka na majibu ya watu.

Kwa msaada wa paroko tuliandika barua. Tulieleza yaliyosemwa chini ya mikaratusi, swali la ulimi, swali la Agosti, swali la dawa, na mwisho tukaomba majibu. Miezi miwili baadaye alikuja kijana mmoja, daktari wa mifugo aliyekuwemo katika kikosi kile, kwa basi na kwa nauli yake. Alikuwa na karatasi za manila na orodha yenye namba badala ya majina. Aliita watu mmoja mmoja ndani ya ofisi ya kigango, kisha akazungumza na wote nje. Hakujitetea. Alisema tu, "Wazee wangu, tulipaswa kuja mapema."

Mama alitoka ofisini akatueleza mwenyewe, bila kuulizwa, na ametupa ruhusa kuandika. Yeye hana tegu. Damu ya mtoto ina dalili, lakini ili kujua kilichomo kichwani inahitajika picha, na kwa picha itabidi asafiri, naye nauli hana. Tumeanza kuchangisha katika jumuiya. Kati ya nguruwe wake wawili, mmoja alikuwa na viluwiluwi. Huyo ndiye aliyechinjwa Noeli. Supu yake tuliinywa sisi sote, paroko na mafrateri tukiwa mstari wa mbele. Iliiva vizuri, tunashukuru Mungu, lakini majibu yale yalikuwa kwenye kabati la mtu tangu Septemba.

Kijana yule akasema wenzake wanaandaa mradi mwingine, na barua yetu imesomwa. Akaomba kigango kichague watu watatu wa kupitia dodoso kabla halijapelekwa kuombewa kibali. Walichaguliwa katekista, mzee mnunuzi wa nguruwe na yule mama. Kuna waliosema mama hakumaliza hata darasa la saba. Mzee wa nguruwe akajibu kwamba hata yeye hakumaliza, na hakuna aliyebisha tena.

Swali la kwanza la mama lilikuwa hili: katika mwaka mmoja, zahanati inakaa siku ngapi bila fenobabitoni? Kijana alitafuta mahali pa kuliandika katika fomu yake, hakupata, akageuza karatasi akaliandika nyuma.

Dodoso jipya bado halijafika. Mama anatupigia simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuuliza, na safari hii tumemwambia kwamba hakuna frateri atakayetangaza lolote kabla yeye hajalisoma.