Barabara ya Rusumo, Miaka Ile ya Benaco

Sisi watu wa Kanazi, wilayani Ngara, mambo ya dunia yalitufikia kwa barabara moja: ile itokayo Lusahunga, Biharamulo, ikapita Nyakahura na Benaco hadi mpakani Rusumo, kilometa 92. Malori kutoka Dar es Salaam yalikuwa yakiachana Nyakasanza. Ya Burundi yalishika njia ya Ngara na Kabanga; ya Rwanda yaliteremka hadi Mto Kagera, mpakani. Benaco yenyewe ilipewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara hiyo na kuweka kambi ya mafundi pale.

Kisha ikaja tarehe 28 Aprili 1994. Kwa muda usiozidi siku mbili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja jembamba la Rusumo, chini yake Mto Kagera ukishusha maiti za waliochinjwa katika mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Waliovuka walinyang'anywa mapanga mpakani, yakawa marundo kando ya lami. Wauaji walikuwamo, na wasio na hatia walikuwamo, wote wamejitwisha magodoro na sufuria, wakiburuta watoto na mbuzi. Mimi nilikuwa kijana. Sikujua kabla ya hapo kwamba umati mkubwa kiasi kile unaweza kutembea kimya.

Wakimbizi hao walipiga kambi Benaco. Habari za kambi hiyo zikisimuliwa, husimuliwa magari meupe ya mashirika ya misaada na maturubai yaliyofunika vilima. Wenyeji hawatajwi sana, na jambo hilo linaniuma. Miti yetu iliisha kwa kuni. Mihogo iling'olewa usiku mashambani. Walimu na wauguzi waliacha kazi wakaenda kuajiriwa kambini, madarasa yakabaki bila mtu. Hata hivyo watu wetu walipokea wageni. Kihangaza, lugha yetu, na Kinyarwanda hueleweana, kwa hiyo biashara ilianza mapema: mkungu wa ndizi kwa mahindi ya njano ya msaada, au kwa mafuta ya kula. Shangazi yangu alikuwa akipeleka ndizi kwa baiskeli ya kusukuma. Siku moja nilimlalamikia kwamba bei aliyouza ni ya hasara.

"Mwanangu," akanijibu, "ningewapandishia bei, watoto wao wangekula nini?"

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31. Wengi waliogopa, wakaondoka kuelekea mashariki, kuingia porini. Polisi na wanajeshi wakawageuza, na barabara ileile ikajaa tena siku kwa siku, safari hii nyuso zikielekea Rusumo, huku mvua ikinyesha. Wakimbizi wa Burundi walibaki katika kambi ya Lukole, wilayani kwetu, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Katika miaka hiyo ujambazi ulikithiri; mabasi ya Biharamulo yalivuka pori kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa ndani.

Leo Rusumo ina daraja pana lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Aprili 2016 na Marais Magufuli na Kagame. Maporomoko ya Rusumo yanazalisha umeme wa megawati 80, unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Madereva wanapumzika Benaco, wanakula wali maharage na kuendelea na safari. Shangazi ni mzee sasa. Nyumba yake ya Kanazi bado imeezekwa kwa mabati aliyonunua kwa fedha za ndizi zile, na akiulizwa na wajukuu alikoyapata, huanza kuwahesabia wanawake wa kambini aliowauzia, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.