Kabla ya Kompresa na Baada Yake

Ninavyozikumbuka kabati na vitanda vilivyotoka kwa maseremala wa Kibaha na Kisarawe enzi za brashi, kasoro zake zilikuwa za kawaida: vumbi la barabara lililonasa kwenye vanishi, michirizi ya brashi, tone lililoganda pembeni mwa mlango. Rangi iliyokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka haikuwamo katika orodha hiyo. Fundi alipaka vanishi ya mafuta, akaiacha ilale, akapiga msasa mwepesi, akarudia kutoka kopo lilelile. Matabaka yote yalikuwa ya jamii moja, hayakuwa na sababu ya kugombana. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960: alitumia rangi za baiskeli juu ya ubao wa dari, na rangi hizo zilikuwa na mng'ao wake zenyewe, bila haja ya vanishi juu.

Kompresa, mashine ya kupulizia rangi, ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilikuja pamoja na sila (tabaka la kuziba mbao) na vanishi za selulosi, zinazokauka kwa dakika na kumruhusu fundi akabidhi kazi mapema. Tofauti iko katika namna ya kukauka. Rangi ya mafuta huvuta oksijeni ya hewani, na huendelea kukomaa ndani kwa ndani siku nyingi baada ya uso wake kuacha kunata. Selulosi hukauka kwa tina (kiyeyusho chake) kuruka tu. Sasa fundi akipaka rangi ya mafuta leo, kisha kesho akapuliza klia (vanishi angavu) ya selulosi ili ing'ae, tina ile kali hupenya, huvimbisha tabaka ambalo bado ni changa, nalo hukunjamana. Kinyume chake mara nyingi hakina madhara: vanishi ya mafuta juu ya selulosi iliyokauka hukaa, kwa kuwa tapentaini iliyomo haina nguvu ya kuiyeyusha.

Kwa mikunjo hiyo, wengi hulaumu rangi feki. Rangi mbovu ipo, sikatai, lakini makopo mawili halisi kutoka viwanda viwili vyenye sifa hukunjamana vilevile selulosi ikija juu ya mafuta mabichi. Wengine hulaumu masika, na hapo wana hoja nzito zaidi, kwani kati ya Machi na Mei hewa ya Pwani huwa imejaa maji. Tina inaporuka hupoza uso wa mbao, mvuke hutulia juu yake, na klia hugeuka nyeupe kama ukungu. Ila huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukungu hutanda bila mikunjo, na mara nyingi huondoka ukipuliziwa tina kidogo siku kavu. Mikunjo hutokea hata Julai, jua likiwaka, na dawa yake ni kukwangua hadi kwenye mbao.

Hivyo swali la kwanza liwe chini kuna nini, hasa kwa samani kuukuu inayoletwa kung'arishwa upya. Kulijibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kitambaa chenye tina kikisuguliwa mgongoni mwa kabati, mahali pasipoonekana, selulosi itayeyuka na kukichafua. Rangi ya mafuta itavimba na kukunjamana. Ile ya kuchanganywa na hadina (kigumishi), ikiwa imekomaa, haitajali.

Nimesikia pingamizi kwamba mteja hasubiri, na fundi hana mtaji wa kuweka kila aina ya kopo. Lakini jaribio hilo linahitaji tina ambayo tayari ipo karakana, na kukwangua kabati zima hula siku na msasa mwingi kuliko kungoja. Anayetaka haraka aanze na sila ya selulosi tangu kwenye mbao tupu. Aliyekwisha kupaka mafuta amalizie na mafuta, na mteja aambiwe aje wiki ijayo.