Bibi harusi, maji ya nyumba yako nani anayalipa?



Sisi mafundi wa nguo za harusi, tukimpima bibi harusi tunasikia hesabu zake zote: kitanda, kabati, meza ya vipodozi, hina, picha. Hesabu ya maji hatuisikii, na nyumba nyingi za kupanga hazina mfereji ndani.

Basi tuipige hapa. Uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tuseme dumu la mkokoteni ni shilingi 200. Madumu 50 ni shilingi 10,000. Mwulize jirani mwenye mita uniti moja analipa ngapi, uone nani anauziwa ghali. Ndivyo ilivyo katika miji mingi ya nchi maskini: asiye na bomba ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita.

Wengine husema, "Kwetu maji ni bure, tunachota kisimani." Bure kwa nani? Saa mbili kila siku ni saa 60 kwa mwezi. Ni saa za mke, na hakuna anayezitia kwenye matumizi ya nyumba.

Madina, maji ya kisima cha Ruma yalikuwa yakiuzwa. Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua, akakifanya wakfu kwa Waislamu wote. Inasimuliwa kuwa alianza na nusu, siku yake na siku ya mwenyewe. Watu wakachota siku yake maji ya siku mbili. Mwenyewe akakosa wateja, akauza na nusu ya pili. Maji yakawa ya bure kwa sababu kuna aliyetoa mali. Na leo pampu inataka umeme, bomba linataka fundi. Asipolipa mtu, mfereji hukauka na ndoo hurudi kichwani kwetu.

Kwa hiyo kabla ya akdi, wazee waulize: maji yanatoka wapi, siku ngapi kwa wiki, bili ya nani? Karo la choo liko mbali na kisima? Matumizi ya mke ni juu ya mume, na maji yamo. Kuunganisha kukiwa ghali, meza ya vipodozi ingoje, au wapangaji wachangie mita moja.

Yakishafika, tusiyamwage. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, akikoga kwa pishi mpaka vibaba vitano.

Allah awajaalie nyumba zenye baraka. Amin.