Kifaru cha Sentimeta 18

Tunapofundisha kipimo cha skeli, hatuna budi kutumia zana ambayo mtoto ataipenda na kuipima mwenyewe. Modeli ya kifaru cha vita ni mojawapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza modeli ya kifaru cha Panther, ukubwa wake ukiamuliwa na nafasi ya mota na betri. Hapo ndipo kilipotokea kipimo cha 1 kwa 35, ambacho mafundi wengi wangali wakikifuata.

Tuchukue Tiger, kifaru cha Wajerumani kilichoingia vitani mwaka 1942. Mwili wake, bila mzinga, ulikuwa na urefu wa karibu meta 6.3. Tukigawa kwa 35 twapata sentimeta 18. Modeli ya boksi yatosha. Kisha tuulize uzito wake: tani 57. Wanafunzi wengi watagawa kwa 35. Tuwaongoze waone kwamba urefu, upana na kimo vyote vimepungua. Hivyo tugawe kwa 35 × 35 × 35, yaani 42,875. Jibu ni kilo 1.3 hivi, endapo modeli ingekuwa ya chuma kama kifaru chenyewe.

Mafundi hupaka modeli rangi ya vumbi na kutu ili ifanane na kifaru kilichotoka vitani. Nasi tusiishie kwenye chuma. Ndani ya Tiger walikaa askari watano; mtu wa sentimeta 175 huwa wa sentimeta 5. Watoto na wawafinyange kwa udongo, wawapange kando yake. Bila watu hao, watajua ukubwa wa kifaru wasijue vita ni nini.